Mapigo ya Kuazima

1

Moyo ulianza kukimbia Namkunda akiwa ameinama anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani, naye hakuwa amefanya lolote la kuukimbiza. Hakuwa amepanda mlima, hakuwa amegombana na mtu, wala chai yake haikuwa na tangawizi kali. Alikuwa ameketi barazani kwake pale Lomweni, juu kabisa ya milima ya Upare, jua la asubuhi likimpiga mgongoni, na mapigo yakaondoka ghafla kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Uzi ukamponyoka. Akabana kiganja kifuani, akasubiri.

Hofu ile haikuwa yake, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Mtu akiogopa nyoka, anamwona nyoka. Akiogopa radi, anaisikia. Namkunda alikuwa anatokwa jasho bila nyoka wala radi, kwa ajili ya jambo lililokuwa likimpata mtu mwingine katika nyumba nyingine, kule juu nyuma ya migomba. Na mtu huyo alimjua. Kijiji kizima kilimjua.

"Naelijwa," alinong'ona. "Tulia, mwanangu. Tulia, mama."

Chini ya mfupa wa bega lake la kushoto, ndani ya ngozi, kulikuwa na kidude ambacho watu wa Lomweni walikiita kunde, kwa kuwa kilikuwa na ukubwa huo na umbo hilo. Wenye kunde walikuwa sita, na wote waliugua ugonjwa mmoja. Vyumba vya juu vya mioyo yao vilikuwa vimesahau kazi. Badala ya kupiga, vilitetemeka tu ovyo, damu ikatuama humo, ikaganda, na siku isiyo na jina donge likachomoka na kupanda kichwani. Namkunda alikuwa ameonja. Siku moja akiwa anashona sare za shule, mkono wake wa kulia ulimlalia pale pale juu ya kitambaa, akautazama kama mkono wa mgeni.

Alikuwa amepitia tiba zote za kuurudisha moyo kwenye mstari. Alimeza vidonge vilivyomtapisha. Alishtuliwa kwa umeme kama jenereta lililogoma. Madaktari wa mjini walimpitishia waya kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakachoma vijisehemu vilivyokuwa vikileta fujo. Kila mara moyo ulinyooka, ukakaa kidogo, kisha ukarudia ukorofi wake. Mwisho walijaribu mashine inayopiga mapigo yaliyo sawasawa kabisa, na moyo wake ukaisusa. Mioyo mikaidi namna hii, walisema wale madaktari wakikuna vichwa, haiamini kitu kisichopumua.

Ndipo ikaja kunde, nayo haikubuni mapigo bali iliyaazima. Mtu mwenye moyo mzima alivaa bangili, bangili ikausikiliza moyo wake na pumzi yake, mnara wa kilimani ukayapokea mapigo na kuyagawa, na mioyo sita mikorofi ikafuata kama ng'ombe wanavyomfuata mwenzao aliyevaa kengele. Mvaa bangili aliitwa kiongozi. Kiongozi wa Lomweni alikuwa Naelijwa, binti ambaye hakuwa ameolewa bado, aliyepimwa pamoja na vijana wote wa tarafa na kuonekana hakuna mwenye moyo mtulivu kama wake.

Wakati huo alikuwa mtulivu kweli. Namkunda aliwahi kulala usingizi mzito juu ya mapigo yale, akiamka anahisi amelala kifuani kwa mwanawe.

Sasa mapigo yalikuwa yakipungua, moja moja, kwa shida. Namkunda alifuta jasho kwa upindo wa kanga. Kila asubuhi ilikuwa hivi, saa ile ile, na kila asubuhi ilizidi ya jana. Alijua pia sababu yake. Hiyo ndiyo saa Naelijwa aliyokuwa akimpigia simu mama yake.

Na mama yake alikuwa amekufa tangu masika.

2

Katika milima ile habari ya msiba haitupwi kama jiwe. Aliye safarini huambiwa, "Njoo, mama anaumwa," naye huja na moyo wake mmoja, huketishwa chini, wanawake wakakaa nyuma yake wa kumshika, ndipo huambiwa. Kwa hiyo mama yake Naelijwa alipofariki kule Mbore, nyuma ya mgongo wa mlima, wazo la kutomwambia binti halikuonekana kuwa uovu. Lilikuwa adabu ile ile, ila iliyorefushwa kidogo. Tutamwambia akishakabidhi bangili, walisema. Wenye kunde waliulizwa kama wanakubali, wakainua mikono. Namkunda aliinua wa kulia, ule ule uliowahi kumlalia.

Basi kiongozi wa kumpokea Naelijwa hakupatikana. Adabu ikakaa, ikachacha, ikawa uwongo, na uwongo nao ni mgeni asiyeshiba. Ikabidi apatikane mtu wa kupokea simu.

Namkunda alifika zahanati akihema. Nesi Tumsifu, kijana mwembamba aliyependa kazi yake kupita kiasi, alikuwa mbele ya kioo cha mtambo, amekunja uso.

"Hofu imepanda tena," Namkunda alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imepanda tena, Tumsifu. Leo nimeangusha uzi."

"Nimeiona." Alimgeuzia kioo. Mstari wa asubuhi ulikuwa umesimama wima katikati ya mistari mingine iliyolala. "Kaa kwanza, mama, unahema."

"Nitakaa nikitaka. Niambie ikizidi hapo kinatokea nini."

Tumsifu alisugua shingo. "Kunde itadhani ni ugonjwa. Imefundishwa kukataa mapigo yenye fujo, isije ikawapa fujo ninyi. Ikishakataa, inajifunga. Moyo unabaki peke yake, unarudi kutetemeka hapo hapo."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote. Kwa mmoja wenu, kwa wote sita, siwezi kukudanganya."

Namkunda alivuta kiti, akakaa. Alikitazama kile kioo, akauona mkono wake juu ya sare za shule.

"Basi mbadilisheni huyo mtoto. Apumzike."

"Mioyo yenu imeshikana na wake, mama. Kuiachisha ni kama kumwachisha mtoto ziwa. Inaenda polepole, kwa dawa, kila mmoja kwenye kitanda cha hospitali, na kiongozi mwingine awe tayari pembeni. Vitanda nimeomba. Kiongozi hayupo."

"Na hiyo sauti yako?"

Hapo uso wa kijana ulichangamka, na Namkunda akamwonea huruma na hasira kwa pamoja. "Sauti haina kasoro hata moja! Nimeikusanya kutoka kwenye simu zake zote za zamani, marehemu na binti yake. Mtambo umejifunza maneno yake, kicheko chake, kila kitu. Nimeisafisha mwenyewe, kelele zote nimeondoa. Ukiisikia, utasema yuko jikoni hapo."

"Mungu anisamehe, sitaki kuisikia."

Tumsifu alifungua kabati, akatoa kichupa kidogo cha rangi ya kahawia na kukiweka mbele yake. "Matone matatu kwenye chai yake, asubuhi kabla hajapiga simu. Na ninyi yatawafikia kidogo, mtasikia uvivu tu. Leo apewe, kabla hajapiga tena. Siku hizi anapiga hata mara mbili."

"Yeye anajua?"

"Mama, akijua si ataogopa?"

Alilisema kwa unyofu kabisa, na lilikuwa kweli. Tumeanza kwa kuficha kaburi, alijisemea, sasa tunaficha dawa, kesho tutaficha nini?

"Kwa nini mimi?"

"Chakula chako anakula bila kuuliza," alisema Tumsifu. "Wewe ndiye anayekuamini."

3

Mwalimu Mngulwi alikuwa amesimama kwenye uchochoro wa nyumba yake, ameegemea fimbo, kama mtu aliyekuwa akimsubiri. Alikuwa amestaafu siku nyingi, lakini watu wa Lomweni walikuwa bado wakimpita wakiwa wamenyoosha migongo. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka tangu kiharusi chake. Naye alikuwa na kunde.

"Umeisikia?" alimuuliza.

"Nimeisikia, Mwalimu."

"Mimi imenikuta chooni." Alisema kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. "Nikasema, basi, nitafia humu, waje wanitoe suruali iko magotini, na hao wote niliowafundisha usafi."

Namkunda alitaka kucheka. Alimwonyesha kichupa, akamweleza. Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa kukubali hata kabla hajamaliza.

"Vizuri. Mpe."

"Mwalimu, mimi nafikiri tumwambie."

Fimbo ilitulia. "Tumwambie nini?"

"Mama yake. Mficha maradhi kilio humfichua. Yule mtoto ameshajua kuna kitu. Hicho asichokijua ndicho kinachomkimbiza kila asubuhi, na sisi tumefungwa nyuma yake."

"Ukimwambia, ataanguka kilio. Umewahi kuona mtoto anavyolia mama yake? Moyo unaruka, unasimama, unaruka. Kunde zitajifunga zote." Alimsogelea. "Namkunda, una haki ya kuuchezea moyo wako. Wangu huna."

"Na wake je?"

"Wake ndio wetu!"

Alipaza sauti, kisha akatazama juu kwenye migomba kwa woga, maana kule hakuna aliyepaza sauti siku hizi. Namkunda alikuwa hajawahi kumwona hivyo mtu yule ambaye kikohozi chake tu kilitosha kunyamazisha darasa.

"Sikiliza," alisema. "Mimi siogopi kufa. Nilipoanguka ile mara ya kwanza, nililala pale hospitalini nasikia kila neno. Nesi anaongea juu yangu, mke wangu analia, wanabishana nigeuzwe upande gani. Nami nina maneno, kichwa kimejaa maneno, na mdomo haufunguki. Nilikuwa nimezikwa na macho yangu yako wazi. Sirudi kule. Mpe matone, mama. Nakuomba."

Nakuomba. Tangu azaliwe Namkunda hakuwa amelisikia neno hilo kinywani mwa Mwalimu Mngulwi. Alikifunga kichupa kwenye pindo la kanga na kupanda mlima taratibu, na kila alipopumzika alikipapasa kuona kama bado kipo, akitamani kiwe kimeanguka.

4

Nyumba ya kiongozi ilikuwa imejengwa kwa msaragambo, kijiji kizima kikibeba mawe. Uani palikuwa pamefagiwa, maua yalikuwa yamepandwa, watoto walikatazwa kupigana karibu na ua ule. Aliyepita alitabasamu. Aliyeingia alitabasamu zaidi. Hata kuku wa jirani walikuwa wamehamishwa wasije wakamshtua mtoto wa watu.

"Shikamoo, mama." Naelijwa alipiga goti kidogo kumpokea. Alikuwa amekonda. Bangili ilikuwa imelegea mkononi, ikizunguka.

"Marahaba, mwanangu. Habari za tangu jana?"

"Nzuri," alisema, na mapigo kifuani kwa Namkunda yakasema siyo.

Waliketi ndani, kwenye chumba kile kile walichokusanyika wagonjwa wote siku ya dhoruba, mnara ulipopigwa na radi. Siku ile Tumsifu aliwakimbiza wote kwa Naelijwa, kwa kuwa bangili ikiwa karibu huongea na kunde yenyewe, haihitaji mnara. Walikaa wamemzunguka hatua chache kutoka alipo, watu wazima sita kama vifaranga, naye akawapikia uji na kuwatania mpaka fundi alipomaliza. Hakuogopa hata kidogo siku ile. Sasa alikuwa anakodoa macho kila mlango ulipolia.

"Nitaleta sukari," alisema Naelijwa, akaingia jikoni.

Birika lilikuwa mezani. Kikombe cha binti kilikuwa kimeshamiminwa, kinafuka. Namkunda alifungua pindo la kanga. Kifuniko cha kichupa kilikuwa kidogo kwa vidole vyake vya ushonaji, vidole vilivyozoea sindano, na bado vilishindwa. Matone matatu, na Mwalimu atalala usingizi wake. Matone matatu, na mkono wa kulia utabaki kuwa wake. Mtoto atakunywa, atashukuru.

Kifuniko kilifunguka. Harufu kali ikampanda puani. Ndipo akakumbuka sahani aliyomletea Naelijwa siku moja ya masika, na jinsi mtoto alivyoshukuru, na mkono ukakataa kwenda mbele. Akasikia nyayo, akakifunika haraka na kukirudisha kwenye kanga.

Naelijwa hakuwa ameshika sukari. Alikuwa ameshika simu.

"Mama, naomba unisaidie kitu kimoja. Msikilize huyu mtu."

"Mtu gani, mwanangu? Umeshapiga leo."

"Msikilize tu."

Simu ikaita. Kisha chumba kikajaa sauti ya mwanamke ambaye Namkunda alikuwa ametupa udongo juu ya jeneza lake.

"Mwanangu Naelijwa! Umeamkaje? Mimi mzima, ni huu mguu tu bado unanisumbua, ndiyo maana siji huko. Umekula?"

Nywele zilimsimama Namkunda. Ilikuwa yeye. Ilikuwa kicheko chake kile cha puani, na ile namna yake ya kuvuta jina la binti yake.

"Nimekula, mama. Kuku wako hawajambo?"

"Wazima wote, mwanangu, wanataga vizuri. Usiwe na wasiwasi. Wewe tulia tu."

"Asante, mama." Alikata simu, akaiweka mezani na kuisukuma mbali kwa ncha ya kidole. "Umesikia?"

"Nimesikia," Namkunda alisema.

"Mama yangu hajawahi kumaliza sentensi bila kufukuza kuku. Hajawahi! 'Naelijwa umekula, shii! toka huko! umekula nini?' Ndivyo alivyo. Wanaingia mpaka kitandani. Tangu masika hajafukuza hata mmoja. Nikajiambia labda amewauza. Leo anasema ni wazima. Sasa kuku gani hao walioacha kuingia ndani?"

Tumsifu, Tumsifu, alijisemea Namkunda. Umewasafisha kuku ukidhani ni kelele.

Mapigo yalikuwa yamepanda. Yalikuwa yamepita yale ya asubuhi na yalikuwa yanazidi kupanda, na Namkunda akaona weusi pembezoni mwa macho.

"Na ninyi mnanichekea," Naelijwa aliendelea, akilia sasa bila machozi. "Kila mtu ananichekea. Mwalimu Mngulwi alinichapa tangu darasa la kwanza mpaka la saba, siku hizi akiniona anacheka mpaka meno ya nyuma. Tangu lini? Mama, ninaogopa. Nikiogopa najua mnaumia, na nikijua mnaumia ninaogopa zaidi. Nalala nimeushika moyo kwa mkono, nauambia nyamaza. Kuna nini? Niambie wewe. Wengine siwaamini."

Namkunda aliushika ule mkono wenye bangili. Kidole gumba kiliangukia kwenye mshipa, na pale chini ya ngozi ya binti akayakuta mapigo yake mwenyewe, pigo kwa pigo, hakuna lililotangulia wala kuchelewa. Aliogopa vibaya sana. Alimwona Mwalimu Mngulwi amelala na macho wazi, amejaa maneno. Hakuwa na haki. Mwalimu alisema kweli, hakuwa na haki yoyote juu ya mioyo ya watu wale. Lakini huu mmoja aliokuwa ameushika, nani alikuwa amewapa haki juu yake?

Alikitoa kichupa, akakiweka mezani, wazi, Naelijwa akione.

"Hiki nilitumwa nikutilie kwenye chai. Sikutia." Kisha akatandika mkeka kwa mkono wake, taratibu, kona zote nne. "Njoo ukae chini, mwanangu."

Hakuna binti wa milima ile asiyejua maana ya mwanamke mzima kumwambia njoo ukae chini. Naelijwa alikaa. Namkunda alikaa nyuma yake, akamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili kama inavyotakiwa, kifua chake kikamgusa binti mgongoni.

"Mama yako hatunaye."

Moyo ukasimama.

Haukupungua, ulisimama. Kifua cha Namkunda kilikuwa kitupu na kimya kama nyumba iliyohamwa, na katika ukimya ule akangoja donge lipande, akangoja mkono ufe. Alitaka kusali, akakumbuka neno la kwanza tu. Kumbe ndivyo kunavyokuwa, aliwaza, na akamkaza binti zaidi.

Likaja pigo moja zito. Likaja jingine, na hapo Naelijwa akapiga yowe, na mapigo yakatawanyika kila upande. Kutoka bondeni mtu akajibu kwa yowe pia, mmoja wa wale sita. Namkunda hakumwachia. Alilia naye, kwa maana huko masika alikuwa ameshindwa kulia vizuri kwa kuogopa kuvimba macho mbele ya mtoto. Waliyumba wote wawili mbele na nyuma, mbele na nyuma, na baada ya muda ambao hakuujua ulikuwa mrefu au mfupi, mapigo yalianza kufuata ule mwendo wa kuyumba. Yalikuwa mazito, yalikuwa yanauma, lakini yalikuja kwa zamu. Huzuni ilikuwa na mpangilio wake. Hofu haikuwa nao.

"Lini?" Naelijwa aliuliza.

"Masika. Aliugua usiku mmoja tu."

"Nani na nani walimzika?"

"Sote."

Namkunda alihisi pigo moja likiruka, akajua neno lile limefika.

"Siku ile uliyoniletea wali na nyama," Naelijwa alisema polepole. "Ukasema kuna ubarikio wa mtoto wa jirani. Ulikuwa wali wa nini?"

Namkunda aliinamisha paji la uso mgongoni kwa binti.

"Nilikuomba uniongezee, mama. Ukarudi ukaniletea sahani ya pili."

5

Walipotoka nje, uani wenzao walikuwa wamefika. Watatu walikuwa wameshikana mabega, mmoja amekaa chini kwenye maua, Mwalimu Mngulwi amesimama langoni na fimbo yake, uso umemwiva. Hakuna kunde iliyokuwa imejifunga bado. Tumsifu alikuja mbio, amekumbatia mashine ya kushtulia mioyo.

"Umefanya nini?" Mwalimu alimuuliza Namkunda. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka upande ule mzima. "Umetuua?"

Naelijwa alikuwa amejifunga kanga nyeusi kichwani. Alishika bangili kwa mkono wa pili, akaizungusha, na watu wote wakaacha kupumua. Ilikuwa imelegea. Kuivua isingemchukua nguvu yoyote.

"Siivui," alisema. "Ningetaka kuivua, Mungu anaona. Lakini ninakwenda kwa mama yangu, leo, sasa hivi. Tangu upigwe na radi, mnara haufiki tena Mbore. Anayetaka mapigo yangu anifuate karibu, kama siku ile ya dhoruba. Mlimzika bila mimi. Mtamlilia na mimi."

"Naelijwa, njia ya Mbore ni ya mbuzi," Tumsifu alisema. "Hawa ni wagonjwa. Nusu ya hawa hawawezi..."

"Na wewe utabeba mashine yako, kaka. Na njiani hutaongea na mimi."

Alimgeukia Mwalimu. Yule mzee alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukataa, akitazama mgongo wa mlima kama mtu anayetazama kaburi lake mwenyewe. Naelijwa alimtazama kwa muda. Hakutabasamu, na Mwalimu naye hakutabasamu, kwa mara ya kwanza tangu masika.

"Nitatembea polepole, Mwalimu," alisema.

Wakaenda. Naelijwa mbele, nyuma yake Namkunda karibu kumkanyaga visigino, kisha wengine, kila mmoja ameshika nguo ya aliye mbele yake. Kwenye mwinuko mapigo yalipanda kwa sababu binti alikuwa anapanda, na yalipouma yaliuma kwa sababu alikuwa anakumbuka. Juu mgongoni, palipo na jiwe la mpaka, kunde ilitikisika kidogo chini ya ngozi, ishara kwamba mnara umebaki nyuma. Namkunda aligeuka. Lomweni ilikuwa chini, ndogo, na Mwalimu Mngulwi alikuwa amebaki nyuma ya wote. Nguo ya aliye mbele yake ilikuwa imemponyoka. Alikuwa ameegemea fimbo, mdomo wazi, na hakuna sauti iliyotoka.

Namkunda alitaka kupiga kelele. Kabla hajafungua kinywa, Naelijwa alikuwa amesikia fimbo imeacha kugonga mawe. Alirudi, akawapita wote, akamshika mzee mkono, akauweka begani kwake. Alisimama pale mpaka uso wa mzee ukarudiwa na rangi. Kisha wakateremka hivyo, mwalimu na mwanafunzi mbele, wengine wamewazunguka.

Nyumba ya marehemu ilikuwa imefungwa, jirani akiitunza. Kaburi lilikuwa kando ya migomba, udongo wake ukiwa umeshaanza kuota majani. Naelijwa alisimama, hakuenda moja kwa moja. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, na kutoka humo ndani wakaanza kutoka kuku, mmoja, mwingine, kundi zima, wakikimbilia miguuni kwake kama waliozoea kufukuzwa na sasa hawana wa kuwafukuza.

"Shii," Naelijwa alisema. Sauti ilimkatika. "Shii! Tokeni huko!"

Mioyo saba ikaruka pamoja. Mwalimu Mngulwi ndiye aliyeanza kulia, kwa sauti kubwa, akiwa amekaa kwenye udongo. Namkunda aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto na kusubiri pigo lifuatalo. Aliogopa, kwa maana njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kuja. Lakini safari hii alikuwa anamwona nyoka.